Wasia kwa Anayetaka Kusomea Informatiki: Kuchagua Masomo ya Humanite katika Masisi na Walikale

Kila mwaka, Mtihani wa Serikali unapokaribia, katika Masisi na Walikale hutokea vijana wasiokuwa wachache waliotia nia ya kwenda chuo kikuu kusomea informatiki, na swali wanalowauliza walimu wao, na yaya zao walioko Goma au Kisangani, aghalabu huwa ni moja: ni masomo gani yampasayo mtu kuyashika kabla ya kumaliza sekondari, ili mlango huo usije ukamfungikia? Swali hili lina haki ya kujibiwa kwa urefu, kwa kuwa majibu yatolewayo njiani ni mafupi mno, na mengine yana ghalati. Wasia huu umeandikwa kwa ajili yako wewe mwenye nia hiyo, na kwa ajili ya mzazi atakayelipa minervali yako. Na shauri lake kubwa, ambalo mengine yote ni ufafanuzi wake, ni hili: ifuate hisabati popote ilipo, wala usilifuate jina la kompyuta kwa kuwa tu limeandikwa juu ya mlango wa darasa.

Wakati wa kuchagua

Yafaa kwanza ujue kwamba katika Kongo wakati wa kuchagua huja mapema kuliko katika nchi jirani. Mwanafunzi wa Tanzania humaliza kidato cha nne akiwa amesoma masomo mengi ya namna mbalimbali, ndipo akaingia mchepuo, kama ule wa Fizikia, Kemia na Hisabati, atakaousoma kwa miaka 2 kabla ya chuo kikuu. Ama kwetu, mtoto humaliza miaka 6 ya shule ya msingi, akaongeza darasa la saba na la nane, akafanya mtihani wa TENASOSP uliowekwa kwa ajili ya kuwachuja wanafunzi na kuwaelekeza, kisha akaingia humanite za miaka 4 hali amekwisha kufungamana na opsioni moja, nayo ndiyo atakayoifanyia Mtihani wa Serikali, ule ambao vijana huuita Exetat, mwishoni mwa safari. Kwa hiyo finalisti hachagui tena opsioni yake. Alikwisha kuichagua angali mtoto, na mara nyingi alifanya hivyo bila ya kushauriana na mtu mwenye maarifa, kwa kumfuata rafiki, au kwa sababu shule iliyo karibu na kwao haikuwa na opsioni nyingine.

Madhali mambo ndivyo yalivyo, wasia huu una wasikilizaji wawili. Wa kwanza ni mtoto wa darasa la nane, awe Kirotshe, Mweso, Pinga au Itebero, ambaye bado ana hiari yake mkononi. Naye na ausome pamoja na mzazi wake kabla ya kujiandikisha mahali popote. Wa pili ni finalisti ambaye uchaguzi wake umekwisha kupita, na kwake yeye kuchagua masomo kuna maana nyingine, yaani kuamua ni masomo yapi, miongoni mwa yale aliyonayo, atakayoyapa saa zake nyingi zaidi, na ni yapi atakayojifundisha mwenyewe nje ya ratiba ya shule. Wote wawili wana njia, ila ya mmoja ni fupi na ya mwingine ina vilima.

Opsioni na uzito wake

Opsioni inayomwandaa mtu vizuri kuliko zote ni ya sayansi. Watu wazima bado huzitaja Math-Fizikia na Bio-Kemia kana kwamba ni opsioni mbili zilizo mbalimbali, na yumkini baba yako au shangazi yako alisoma mojawapo. Lakini katika mtaala mpya zimeunganishwa zikawa humanite za sayansi, ambamo hisabati, fizikia, kemia, biolojia na teknolojia ya habari na mawasiliano husomwa pamoja. Ukiipata opsioni hii katika shule yenye mwalimu wa hisabati anayefika darasani kila juma na kumaliza programu yake, basi umekwisha kupata sehemu kubwa ya unachokitafuta, hata kama shule hiyo haina kompyuta hata moja.

Baada yake zafuata opsioni za ufundi, hasa umeme na elektroniki. Mwanafunzi wake huzoea saketi, vipimo na kutafuta hitilafu kwa utaratibu, na mazoea hayo ni mtaji mkubwa kwa mtu anayetaka kusomea mitandao, mawasiliano au uundaji wa vyombo vyenyewe. Sharti lake ni kwamba asiiache hisabati ishuke, kwa kuwa karakana humpendeza kijana na humsahaulisha daftari.

Ya tatu ni opsioni ya biashara, ambayo katika baadhi ya shule huitwa Biashara na Informatiki, na hapa ndipo wengi wanapoghurika. Opsioni hii ina manufaa ya kweli: hufundisha uhasibu, uandishi wa barua za kazi, na matumizi ya kompyuta katika ofisi, na anayekusudia kusomea informatiki ya usimamizi, yaani kompyuta kwa ajili ya hesabu za makampuni na idara, atayakuta mengi ya huko akiwa na ujuzi nayo. Walakini hisabati yake ni nyembamba kuliko ile ya sayansi, na kuchapa maandishi au kujaza majedwali si msingi wa elimu hii. Jibini la Masisi hupata sifa yake kutoka katika maziwa, wala si katika kitambaa kinacholifunika. Na maziwa ya informatiki ni hisabati na mantiki.

Zimebaki opsioni za pedagojia, sosiali, Latini na filosofia, kilimo na nyinginezo, na zile mbili za kwanza ndizo zinazopatikana kwa wingi katika shule za vijijini kwa sababu hazihitaji maabara wala karakana. Aliyesoma humo hajafungiwa mlango, kwa maana kinachotakiwa kwanza ili mtu aingie elimu ya juu ni Diploma ya Serikali, na vyuo vingi humpokea mwenye diploma ya opsioni yoyote katika idara ya informatiki. Mwenye Latini na filosofia amekwisha kuzoea kupanga hoja, na mwenye pedagojia amezoea kueleza jambo kwa hatua. Lakini ajue kwa yakini kwamba mwaka wa kwanza atakaa benchi moja na wenzake waliosoma hisabati kwa miaka 4, wala profesa hatasimama kumngojea.

Kwa nini hisabati

Huenda ukauliza: ikiwa nataka kuandika programu, nina haja gani na milinganyo na matriksi? Itazame historia ya elimu yenyewe. Mwaka 1854 Mwingereza George Boole alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba kweli na uongo vinaweza kufanyiwa hesabu kama namba. Mwaka 1937 kijana wa Kimarekani Claude Shannon akabainisha, katika tasnifu yake, kwamba hesabu hiyo ya Boole inaweza kutendwa na swichi za umeme. Na kompyuta ya ENIAC ilipoonyeshwa hadharani nchini Marekani mwaka 1946, wanawake sita waliokuwa wakiipangia kazi zake walitoka, wengi wao, katika masomo ya hisabati. Hapakuwa na shule ya kompyuta duniani ambamo wangeweza kusoma. Ila waliokuwa na hisabati waliweza kujifunza mashine ambayo haikuwapo walipokuwa shuleni. Hujja hii ingali na nguvu hata leo, kwani programu utakazofundishwa mwaka huu huenda zikaachwa kabla hujamaliza chuo, na kitakachobaki nawe ni uwezo wa kufikiri kwa mpango.

Wala hisabati si ugeni katika ardhi yetu. Mwaka 1950 mwanajiolojia wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alifukua Ishango, katika jimbo letu hili la Kivu ya Kaskazini, pale Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, mfupa wenye alama zilizochanjwa kwa safu tatu, ambao umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi, nao leo umehifadhiwa Brussels. Katika safu moja alama zimepangwa kwa mafungu ya 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo namba tasa zote zilizo baina ya 10 na 20. Wataalamu wanabishana kuhusu makusudi ya aliyezichanja, lakini baadhi yao huona hapo mkono uliojua kuhesabu. Basi mtu asikwambie kwamba elimu ya hesabu ni ya watu wa mbali.

Si kila sehemu ya hisabati ina uzito mmoja kwa kazi hii. Zipe saa nyingi zaidi sehemu sita: mantiki na seti, funksheni na grafu zake, mifuatano pamoja na uthibitisho wa hatua kwa hatua, matriksi na mifumo ya milinganyo, kuhesabu mipangilio na uwezekano, na kuandika namba katika vizio vingine visivyokuwa kumi. Ili ujipime, jaribu haya bila ya msaada. Namba 13 ikiandikwa kwa kizio cha mbili huwa 1101, kwa kuwa ni 8 na 4 na 1 bila ya 2. Fanya vivyo hivyo kwa 45. Mtu akisema kwamba wanafunzi wote wamefika, na maneno yake yakawa si kweli, je, ina maana hakuna aliyefika, au kwamba yuko angalau mmoja ambaye hakufika? Na wanafunzi 40 wakipeana mikono, kila mmoja na kila mwenziwe mara moja, kwa nini jumla ni 780 wala si 1,600?

Tena tafakari hili, kwani limo ndani yake roho ya kazi nzima. Umepewa orodha ya majina 1,000 yaliyopangwa kwa taratibu ya alfabeti, nawe unatafuta jina moja. Ukianza juu na kushuka jina kwa jina, huenda ukasoma yote 1,000. Bali ukifungua katikati, ukatazama jina lako liko upande gani, ukaitupa nusu isiyohusika, kisha ukaigawa tena nusu iliyobaki, hutavuka mara 10. Na majina yakiwa 1,000,000, mara 20 zatosha. Ukiweza kumweleza mdogo wako sababu ya hayo, kwa kalamu na karatasi, umekwisha kuanza kusoma informatiki.

Fizikia nayo usiidharau. Koltani inayochimbwa Rubaya, katika Masisi, hutoa tantali, madini yanayotumika katika kapasita ndogo za simu na kompyuta. Na bati linalochimbwa Bisie, katika Walikale, hutumika duniani kote katika lehemu inayounganisha vipande vya saketi. Watu wetu huyatoa ardhini mawe hayo na kuyauza kwa kilo. Anayejua ni kwa nini kapasita huhifadhi chaji, na ni kwa nini lehemu hupitisha umeme, ameanza kuelewa thamani ya kile kinachopita barabarani mbele ya nyumba yake, na eneo letu lina haja kubwa ya watu wa namna hiyo.

Shule isipokuwa na opsioni unayoitaka

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ikiwa ungali darasa la nane, na opsioni ya sayansi haipo karibu, mzazi na aulize kama yuko ndugu wa kuaminika Sake, Goma, Walikale-centre au kwingineko ambaye unaweza kukaa kwake na kusoma. Lakini usalama wa mtoto na utulivu wa nyumba hutangulia opsioni yoyote, hasa kwa binti. Ikiwa haiwezekani, au ikiwa wewe ni finalisti tayari, lishike jembe lililopo na ulime.

Mwendee mwalimu wa hisabati, au prefe wa shule yako, umwombe kwa adabu kuazima vitabu vya humanite za sayansi, uanze na vile vya mwaka wa kwanza wala usirukie vya mwisho. Tafuteni watu watatu au wanne wenye nia moja, mkutane siku zilizowekwa, na kila mmoja afundishe wenzake sura moja, kwa maana mtu hujua mapengo yake anapojaribu kueleza. Mwenye simu ya kisasa anaweza kuweka ndani yake programu ya kuandikia lugha ya Python, inayofanya kazi bila ya intaneti baada ya kupakuliwa mara moja. Na shule au parokia yenye kompyuta moja inaweza kuweka Kolibri, maktaba ya masomo iliyoundwa kwa mahali pasipo na mtandao, ambayo hubeba mafunzo ya hisabati hata kwa Kifaransa. Umeme ukikosekana, andika programu katika daftari, uifuate mstari kwa mstari kwa kalamu, ukiandika pembeni kila namba inavyobadilika; mafunzo haya ya karatasi hayapotezi wakati, bali humzoeza mtu kufikiri kabla ya kubonyeza.

Mwaka wa mwisho

Finalisti na asisahau kwamba mlango wa kwanza ni Exetat, ambayo imekuwapo tangu 1967, na kwamba ili kupata diploma sharti afikishe asilimia 50. Lakini yule anayeitaka informatiki asiridhike na kiwango hicho: baadhi ya vyuo hutazama asilimia, na vingine, hasa katika uhandisi, huweka mtihani wa kuingilia. Gawa juma lako kwa insafu. Hisabati iwe ya kila siku, hata ikiwa ni saa moja tu. Itemu za miaka iliyopita zifanywe kwa saa iliyopimwa, na kila uliyoikosa irudiwe mpaka uelewe ni kwa nini jibu lile ndilo, wala usihifadhi herufi ya jibu kwa moyo.

Kifaransa kina haki ya pili baada ya hisabati. Disertasioni hufanywa kwa Kifaransa, na chuoni mihadhara, mitihani na ripoti zote ni kwa Kifaransa. Kijana wa Masisi azungumzaye Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili, au wa Walikale azungumzaye Kinyanga na Kiswahili, ana utajiri wa lugha, ila lazima aongeze hii moja kwa kusoma kila siku ukurasa mmoja na kuuandika tena kwa maneno yake. Kiingereza hufuata, kwa sababu amri za lugha za programu na sehemu kubwa ya maelezo yake zimeandikwa kwa lugha hiyo. Saa zile za Kiingereza ambazo wenzako huzilala darasani, wewe zitumie.

Chuo, karatasi na vita

Kabla ya kuchagua chuo, uliza mambo matatu: kama kina kibali cha serikali, kama idara yake ina mwelekeo unaoutaka, na kama njia ya kufika huko inapitika. Goma kuna Chuo Kikuu cha Goma, ULPGL, ISIG na ISTA. Bukavu kuna Chuo Kikuu Kikatoliki. Kisangani kuna chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1963. Na Lubumbashi kuna shule ya juu ya informatiki iitwayo Salama. Kwa mtu wa Walikale, barabara itokayo Bukavu kwenda Kisangani hupita kwao, kwa hiyo asidhani kwamba Goma peke yake ndiyo njia. Uliza pia kama ni informatiki ya usimamizi, uhandisi wa programu au mitandao, ukaombe kuona orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza. Ukikuta humo uchanganuzi wa hisabati, aljebra ya mistari na algorithimu, ujue hapo pana elimu. Na katika mfumo wa LMD, ulioanza kuenea nchini mwaka wa masomo 2021–2022, lisansi ni ya miaka 3 na krediti 180 za masomo, ilhali lisansi ya zamani ilikuja baada ya miaka 5. Mzazi na ayajue hayo anapopanga gharama.

Vita vilivyoanza upya mwishoni mwa 2021, vikafika Masisi-centre na Goma Januari 2025 na Walikale-centre Machi ya mwaka huo, vimewafukuza wanafunzi wengi makwao, na wengi wamepoteza karatasi zao. Basi bulletini zako za kila mwaka, cheti cha kuzaliwa na kila hati yenye muhuri, zipige picha leo, uwatumie ndugu wawili wanaokaa mahali mbalimbali. Ukihamishwa, jiandikishe upya katika shule ya kwanza inayokupokea, hata kama opsioni si ile uliyoipenda, kwa kuwa mwaka uliokatika ni mgumu kuunga kuliko opsioni isiyolingana.

Kwa wazazi

Mzazi, usimwambie binti yako kwamba hesabu ni za wavulana, maana wale sita wa ENIAC waliotajwa hapo juu walikuwa wanawake. Wala usimwondoe mtoto wako katika humanite za sayansi kwa sababu alipata alama ndogo muhula mmoja. Mwulize kwanza kama mwalimu alikuwapo, kama alikuwa na kitabu, na kama kazi za nyumbani, za shamba na za maji zilimwachia saa ya kusoma. Mara nyingi kinachokosekana ni saa hiyo, nayo ndiyo zawadi unayoweza kumpa hata usipokuwa na fedha.

Nawe kijana, juma hili fanya mambo matatu: mwone prefe umwulize opsioni zilizopo na walimu wake, jaribu yale maswali ya hisabati yaliyowekwa hapa, na uandike asilimia unayoikusudia pahali utakapoiona kila siku. Nchi yetu inatoa madini yanayoingia katika vyombo vya dunia nzima, na bado inanunua kwa bei kubwa akili za kuvitumia. Ni haki ya wana wa Masisi na Walikale kuwa miongoni mwa wenye akili hizo, na haki hiyo hudaiwa kwanza katika daftari la hisabati.